Mwaka wa Nyanya za Kitako Cheusi

Tulimzika Mama Mutheu Alhamisi, kwa shamba lao huko Kajiado, na baada ya maombi tukakaa chini ya hema na sahani za wali na mchuzi. Mutheu, binti yake, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu na mvi imeanza kumtoka hapa mbele, alinishika mkono akanipeleka kwa hao watoto wake. Akawaambia, "Huyu anti ndiye aliniwekea nyanya chini ya kitanda wiki ya harusi yangu." Watoto wakacheka kwa adabu, vile watoto wa siku hizi hucheka wakidhani ni ule utani wa wazee. Mutheu naye akacheka, halafu akalia, halafu akaniuliza kama bado naenda Kimana kuchukua nyanya. Nikamwambia naenda. Njia yote ya kurudi nilikuwa nawaza juu ya ule mwaka wa elfu mbili, na nikaona heri niuandike kabla sisi tuliokuwa huko hatujaisha mmoja mmoja.

Nilikotoka kabla ya hapo sitaeleza. Si siri, ni hadithi ndefu tu na haihusiani na nyanya. Inatosha kusema nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, na Mama Mutheu alinichukua kwa grosari yake hapo Kitengela. Grosari ilikuwa chumba kimoja cha mabati kando ya barabara ya Namanga, na rafu za mbao zilizoinamishwa mbele ili mteja aone mboga akiwa bado barabarani. Nyuma yake kulikuwa na kastoo, chumba kidogo cha kuwekea mali, na humo ndimo nilikuwa nalala, kitanda changu upande mmoja na magunia ya viazi upande mwingine. Mpaka leo nikinusa udongo wa viazi najisikia niko nyumbani. Ukitoka kwa mlango wa nyuma unaingia kwa nyumba ya Mama Mutheu mwenyewe, vyumba viwili, na jikoni ya mabati iliyoegemea ukuta wake wa uani, ambapo sufuria ya githeri ilikuwa haikosi kwa jiko tangu asubuhi mpaka jioni. Mama Mutheu alikuwa Mkamba mnene, mwenye sauti ya chini, mtu wa maombi. Kabla ya kufungua duka tulikuwa tunasimama kati ya sukuma na vitunguu tunaomba, halafu Amina ikishatoka tu anaingiza mkono kwa kreti ya nyanya mpaka kwa kiwiko.

Hiyo ya mkono ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza alinifundisha. Wanaopanga nyanya shambani huweka zile nzuri juu, nyekundu, zote saizi moja, na Mama Mutheu alikuwa anaziita nyanya za kwenda kanisani. Chini yake ndiyo unapata za siku za kazi. Kwa hivyo hununui na macho, unaingiza mkono mpaka chini, unaitoa ya huko, unaiangalia kitako, unaifinya pale penye kikonyo. Vitunguu unavisikiza. Kitunguu kilichokauka vizuri kinalia kama karatasi ukikishika, na kile cha mvua kiko na shingo nene, kimya, na wiki haiishi kabla kianze kunuka. Kabichi ya kiangazi ni ndogo na ngumu kama jiwe, na ya mvua ni kubwa lakini ukiikata ni maji tupu. Nilijifunza haya yote miezi ya kwanza. Lakini kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua, na sikuwa na mtu wa kuniambia. Kwa nini sukuma na nyanya zilikuwa hazikubaliani? Mvua ikinyesha, majani ya sukuma yanakuwa mapana kama kanga na bei inaanguka mpaka watu wanalisha kuku. Wakati huo huo nyanya zinapotea na zinakuwa ghali. Jua likiwaka, sukuma inakuwa ngumu, ina vile vidudu vya kijivu chini ya jani, na nyanya nazo zinajaa mpaka tunaziweka kwa beseni nje.

Wakati huo nilikuwa nimejiandikisha kwa ngumbaru, masomo ya watu wazima, kwa holi ya kanisa, saa kumi na moja jioni tukishaacha kazi. Tulikuwa watu kumi na wawili, mlinzi wa hardware mzee zaidi ya wote na mimi mdogo. Siku moja mwalimu alitaka kila mtu aseme kitu alichoona kwa kazi yake ambacho hakielewi. Mimi nikasema nyanya inaogopa mvua. Walicheka sana, lakini yule mzee mlinzi akasema ni kweli, kwao Makueni mvua ikizidi nyanya inashikwa na ugonjwa, inaoza ikiwa bado kwa shina. Mwalimu akaongeza kwamba nyanya za kwetu zinatoka Kimana, na Kimana hawangoji mvua, wako na maji ya chemchemi yanayotoka mlimani wanayapeleka shambani na mifereji. Nilitoka hapo miguu haigusi chini. Nilikuwa nimepata jibu. Nikajitengenezea sheria yangu: mvua ikija, nyanya ni ghali, mvua ikikosa, nyanya ni rahisi. Nilianza kumwambia Mama Mutheu bei ya wiki ijayo, na mara nyingi nikapata. Wanawake wa kanisa wakaanza kuniuliza kabla ya kwenda kununua. Wewe fikiria, msichana wa darasa la sita, watu wazima wanamuuliza kitu.

Mwaka wa elfu mbili ulianza bila mvua. Ile ya Novemba ilikuwa imekuja kidogo ikaenda, na Januari na Februari zilikuwa jua na vumbi na upepo wa kutoka Isinya. Sukuma ilikuwa mbaya mpaka wateja walikuwa wananirushia. Lakini nyanya zilikuwa tamu, nyekundu mpaka ndani, tano kwa shilingi kumi, na Mama Mutheu alikuwa na furaha kwa sababu ndizo zilikuwa zinamvutia watu. Na hapo ndipo nilifanya kitu ambacho bado nakionea aibu. Jumapili moja, wakati wa ushuhuda, nilisimama mbele ya kanisa nikamshukuru Mungu kwa nyanya. Nilisema Bwana amezuia mvua ili duka la mama yangu lipate baraka. Nilisema hivyo, na sauti kubwa. Watu wakasema amina. Kwa benchi ya tatu alikuwa amekaa Mama Naserian, mwanamke wa Kimaasai, mrefu, aliyekuwa anakuja dukani kila Jumanne kuchukua viazi na vitunguu. Ng'ombe wao walikuwa wametoka nyumbani kutafuta nyasi tangu Krismasi. Mimi nilimuona pale nikisema. Nilimuona na akili yangu haikuunganisha hayo mambo mawili.

Mvua ya Aprili nayo haikuja. Mwezi wa sita familia ya kijana mmoja wa Machakos ikaleta barua ya posa, mambo yakaenda haraka, na harusi ya Mutheu ikapangwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Kamati ya harusi ilikuwa inakutana kwa sebule ya Mama Mutheu, wanawake wanane kwa viti vya vitambaa vya kushona, chai na mandazi katikati, na mimi nasimama mlangoni na birika. Walikuwa wanajua hao wakwe ni watu wa kuangalia. Mama ya bwana harusi alikuwa amesema mahali, na maneno yakafika, kwamba atajua familia kwa mchuzi wao. Basi mchuzi ukawa ndio kitu. Kioko, yule wa lori anayetuletea nyanya, alikuwa amekuja akasema anaweza kutuwekea kreti sita kwa mkulima mmoja huko Kimana, kwa bei ya wakati huo, tukikubali mapema. Wanawake wakanigeukia mimi. Nikasema hakuna haja. Nikawaeleza sheria yangu, mvua imekosa, Agosti nyanya zitakuwa zimeshuka hata zaidi, tungoje. Wakamwambia Kioko hapana. Wageni walipoondoka Mama Mutheu alinitazama vizuri, akasema, "Ndinda, hiyo chakula ya mtoto wangu sasa iko kwa mkono yako. Mimi sina mwingine wa kuuliza." Nilijisikia kama nimepewa cheo.

Katikati ya Julai, wakati wa ile baridi ya kuvaa sweta mbili, Mama Naserian alikuja Jumanne kama kawaida. Tulisalimiana kwa Kimaasai, takwenya, iko, akachagua vitunguu vyake kimoja kimoja akivisikiza kwa sikio kama vile mimi hufanya. Dukani kulikuwa na wanawake wawili wa kamati. Akasikia tunaongea harusi, akasema kama mtu anayepitisha habari, "Nyanya mtafute saa hii. Ng'ombe imefika Kimana." Mmoja wa wale wanawake akamuuliza kwani ng'ombe imeanza kula nyanya. Mama Naserian akasema hapana, inakunywa. Yule mwingine, Mama Naserian alipokwisha kutoka, akasema hawa watu nyanya wenyewe hawali, watatuambia nini juu ya nyanya. Sisi Wakamba tunajiona watu wa jembe. Tulicheka. Mama Mutheu alitabasamu tu, lakini mimi nilicheka mpaka nikafuta machozi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa na sheria.

Na dalili ilikuwa mbele yangu. Tangu mwanzo wa huo mwezi, nikiingiza mkono kwa kreti, nilikuwa natoa nyanya ziko na doa jeusi kwa kitako, kavu, limebonyea, kama mtu amezichoma na kijiko cha moto. Hazikuwa zimeoza. Nilikuwa nakata hilo doa naziweka kwa fungu la bei ya chini. Mimi niliyekuwa nauliza kila kitu, hiyo sikuuliza. Nadhani mtu akishapata jibu moja zuri anachoka kutafuta lingine.

Wiki ya kwanza ya Agosti Kioko alileta kreti mbili badala ya tano. Wiki iliyofuata alileta moja, na nyanya moja ikawa shilingi tano, ndogo kama ndimu. Pesa ya kamati ilikuwa imehesabiwa kwa bei yangu ya kungoja na haingetosha hata kreti mbili. Siku hiyo Mama Mutheu aliendelea kukata sukuma, ule mkunjo wa majani kwa mkono wa kushoto na kisu kinaenda. Nikamwambia naenda Kimana mwenyewe. Akauliza utaenda kufanya nini. Nikasema sijui, kuona. Kioko akanibeba asubuhi, kupitia Emali.

Sikuwa nimewahi kuona mahali nyanya inatoka. Nilikuwa nimejenga Kimana kichwani, kijani kitupu na maji yanaimba. Tulichokuta ni mfereji, chini yake matope yamepasuka, na ng'ombe wamesimama mstari mrefu kuliko macho, mbavu zao unaweza kuhesabu, wakingoja kupelekwa kwa maji makundi kwa makundi. Hakukuwa na vita. Wazee wa wafugaji na wazee wa mashamba walikuwa wamekaa wakagawana siku, siku fulani maji ni ya mifugo, siku zingine ni ya mashamba, na kila shamba na zamu yake. Mkulima wa Kioko alikuwa Mkamba kama sisi, mtu wa kuongea polepole. Alituambia zamu yake ni Jumanne, na ikipita Jumanne anangoja ile ingine. Nikaokota nyanya kwa shina, nikaigeuza, ilikuwa na kitako cheusi. Nikamuuliza ni ugonjwa gani. Akasema, "Si ugonjwa. Ni kiu. Ukiinywesha leo halafu uinyime siku saba, inaanza kufa na huko chini." Nilisimama hapo na hiyo nyanya kwa mkono. Mwezi mzima ilikuwa inaniambia na mimi naikata doa.

Nyekundu hakukuwa. Wanunuzi wa Nairobi walikuwa wanazichukua zikiwa bado na joto la jua. Lakini kulikuwa na za kijani, alizong'oa na shina kwa sehemu aliyoamua kuiacha ikauke, na hizo hakuna mtu alitaka. Akanipa kreti tatu kwa bei ya chini sana, akaniambia kwa baridi ya Kitengela hazitaiva, nisije nikasema sikuambiwa. Mimi nilikuwa nawaza kitu kimoja. Dukani, nyanya nilizokuwa naweka karibu na ndizi mbivu zilikuwa zinalainika kabla ya zingine. Sikujua kwa nini. Nilijua tu nimeona.

Zilibaki siku kumi na moja. Chumba chenye joto kuliko vyote kilikuwa cha Mutheu, kwa sababu ukuta wake ulikuwa umegusana na jikoni. Nikafunga nyanya na magazeti, moja moja, nikazipanga kwa makatoni na ndizi mbivu katikati, nikazisukuma chini ya kitanda cha bibi harusi na kuzifunika na blanketi. Chumba chote kikanuka ndizi. Shangazi zake walipofika kutoka Machakos kumkalisha na kumpa mashauri, walikaa kwa hicho kitanda na hawakuamini. Mmoja akasema ameona wasichana wakiatamia mambo mengi kabla ya harusi lakini nyanya hajaona. Mwingine akamwambia Mutheu asigeuke sana usiku, ataharibu mchuzi. Mutheu maskini alivumilia, alikuwa mtoto mzuri. Kila asubuhi nilikuwa napiga magoti kwa sakafu ya simiti, natoa moja, nafungua gazeti. Siku ya nne ilikuwa bado kijani. Siku ya sita ilikuwa na rangi kama ya siagi. Na hapo, nikiwa kwa magoti, nilianza kumwomba Mungu aziivishe, na katikati ya hayo maombi nikanyamaza. Niliona vile nimekuwa nikimwendea mwaka mzima. Februari namshukuru amezuia mvua, Agosti nalilia nyanya, na Mama Naserian benchi ya tatu anaomba hiyo hiyo mvua ninayoishukuru kukosa. Nilifunga gazeti nikatoka nje. Siku hiyo sikuomba tena juu ya nyanya.

Jumamosi ilipofika tulifungua zote. Kreti moja na kidogo zilikuwa nyekundu, karibu nyingine moja rangi ya machungwa, na zingine zilikuwa zimeoza au zimekataa. Tulipika na tulizopata, tukaongeza karoti za kukwaruza, nyingi, ili rangi isikimbie. Mchuzi ukatoka mzito, mtamu kidogo, rangi ambayo siwezi kuiita nyekundu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya sufuria wakati mama ya bwana harusi alipokuja na sahani yake. Alionja. Akauliza kama watu wa Kitengela wanapika mchuzi na karoti. Mama Mutheu, kofia ya harusi kichwani, hakunitazama. Akasema, "Eeh, mama. Ndivyo tunapika huku mwaka wa kiangazi." Yule mama akatafuna, akafikiria, akasogeza sahani aongezewe. Sijui kama alipenda au aliona huruma. Mutheu anasema hajawahi kumuuliza.

Jumatatu duka likiwa bado halijafunguliwa, tumeshaomba, Mama Mutheu hakuingiza mkono kwa kreti. Aliniuliza, "Mwezi wa saba ni nani alituambia ukweli?" Nikasema Mama Naserian. "Na ni nani walicheka?" Nikasema sisi. Akafunga vitunguu kilo tatu na viazi kwa mfuko, akanisukumia. "Basi enda."

Kwake kulikuwa saa moja kwa miguu, ng'ambo ya mto. Nilimkuta nje ya nyumba, ng'ombe mmoja amelala karibu na mlango, yeye na msichana wake wanajaribu kumsimamisha, na ng'ombe hataki. Aliniosha mkono, akaniketisha ndani kwa kigoda, akanipa chai. Ilikuwa chai ya rangi. Aliniambia nimsamehe, hakuna maziwa, na aliona aibu kusema hivyo, mwanamke wa Kimaasai kumpa mgeni chai nyeusi. Niliinywa yote. Kulikuwa giza kidogo mle ndani na moshi, na hiyo ilinisaidia, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa kucheka. Halafu nikasema na ile ya kanisani, ya Februari. Alikoroga moto na kijiti.

"Hiyo nilisikia," akasema. "Hata mimi nilisema amina. Watu wote walikuwa wanasema."

Yeye ndiye alinitoa kwa hiyo aibu. Aliniuliza harusi ilikuwaje, nikamweleza nyanya chini ya kitanda, na akacheka mpaka msichana wake akaja kuchungulia. Basi nikapata nguvu ya kumuuliza alijuaje. Akanieleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kwa jirani. Wanaume wakirudi kutoka malishoni wanasema nyasi imeisha wapi, maji yamebaki wapi. Ng'ombe ikifika kwa maji, shamba inangoja. Mvua ikinyesha huku, ng'ombe zinarudi nyumbani, mfereji unarudi kwa shamba, na nyanya inapandwa, lakini ngoja miezi mitatu ndio uione. Vitunguu ni hivyo hivyo, ila vinachukua muda zaidi. Yeye alikuwa anavinunua mapema au anakaa bila, kulingana na vile mzee wake ameleta habari. Nilimuuliza na ikinyesha Kimana peke yake. Akanijibu. Nikamuuliza na ng'ombe zikienda upande wa Magadi. Akanijibu hiyo pia. Chai ilikuwa imeisha, jua lilikuwa limeanza kuingia na mlangoni, na mimi nilikuwa nimesogeza kigoda karibu, swali linaleta swali.

"Na kabichi?" nikamuuliza.

Alifikiria kwa makini, vile alivyokuwa anafikiria kila kitu.

"Kabichi sijui," akasema. "Hiyo inatoka baridini. Ng'ombe yetu haijafika huko."